Usiku wa Ingokho Melini

Kuku wa kwanza alikufa Alhamisi kabla jua halijachomoza, na Rosebella akamficha chini ya gunia. Alikuwa tembe mwekundu mwenye kitambaa cha kijani mguuni. Kijani ilikuwa ya Rachael, wa nyumba ya pili ukishuka mtoni. Rosebella alikifungua kitambaa kile kwa meno, akakitia mfukoni mwa aproni, kisha akachungulia nje kuona kama kuna mtu barabarani aliyemwona.

Hapakuwa na mtu. Akarudi ndani. Banda lilikuwa ghala la marehemu mumewe, alimokuwa akiweka mbolea na majembe enzi za uhai wake, nalo halikujengwa kwa ajili ya kitu chenye pumzi. Tangu Jumapili kuku walikuwa wamebanana humo, wakipanda juu ya wenzao kutafuta hewa. Kinyesi chao kilikuwa kimegeuka kijani. Watatu walisimama pembeni wameshusha mbawa, na mmoja alikuwa amepinda shingo, jicho moja likitazama mabati kana kwamba ameitwa kutoka juu.

Rosebella alijua ule ni ugonjwa gani. Mtu yeyote aliyefuga kuku kijijini Ekero anaujua, maana ukipita hufagia mji mzima na haubakishi hata wa kuamsha watu. Alijua, lakini aliuogopa ukweli huo, kwa hiyo alifanya kazi. Alitwanga pilipili, akakamua mshubiri, akachanganya na maji, akawamwagia kwenye vyombo.

"Lori linakuja leo," aliwaambia. "Ngojeni tu lori."

Kila kuku mle bandani alikuwa na kipande cha leso mguuni. Lilikuwa wazo la Rosebella mwenyewe. Wanawake arobaini walikuwa wameleta kuku watatu watatu, na kila mmoja alichana ukingo wa leso yake ili kuku wake wajulikane. Hakuandika popote. Alikuwa ameingia nyumba baada ya nyumba, akasema, "Nipe, mimi nitasimama," nao wakampa. Ekero mtu akisema atasimama, yaani atadaiwa yeye, basi amesimama, na watu humjua hivyo mpaka anazikwa.

Yote yalianza wiki sita kabla ya hapo, siku Willis Osiako alipokuja.

Willis alikuwa afisa wa matukio wa Ushirika wa Nyota Njema, ushirika wa wakulima wa miwa. Cheo hicho hakuna aliyewahi kukisikia kabla yake. Mwaka mzima matukio yenyewe wakulima hawakuyaona, lakini afisa alikuwepo, na gari lake lilikuwepo. Alipotuma habari kwamba anataka kuonana na kikundi cha akina mama, Rosebella, mwenyekiti wao, alichinjisha jogoo wake wa pekee. Mgeni wa maana hapewi chai na mkate huku. Hupewa ingokho, kuku mzima, na firigisi yake, ile imondo, huwekwa juu kabisa ya nyama ili mgeni aione kabla hajanawa. Imondo ikikosekana, ametukanwa. Rosebella alikulia katika nyumba ambayo wanawake walifuga kuku, wakawanyonyoa, wakawapika, na hawakuwaonja. Yeye mwenyewe alikula paja la kuku kwa mara ya kwanza akiwa na watoto wawili, amejificha jikoni.

Willis aliimaliza imondo kwa tonge moja la obusuma, ugali wa huku, akafuta vidole, akamgeukia Rosebella.

"Mama Gentrix, hii ni bahati yenu. Ushirika unatimiza miaka arobaini. Tumekodi meli."

"Mmekodi nini?"

"Meli. Huko Mombasa. Na si viti kwenye meli, ni meli nzima, siku tatu. Iko na ukumbi wa mikutano, iko na vyumba vya kulala zaidi ya mia, iko na bwawa la kuogelea."

"Bwawa juu ya bahari?" Aliyeuliza ni Nekesa, ajuza aliyeishi peke yake ng'ambo ya kijito, ambaye kila mtu kijijini alimwita kukhu, nyanya. "Maji yote hayo hayawatoshi?"

Wanawake waliangua kicheko. Willis naye alicheka, akaendelea. Wenyeviti wa matawi wangekuwepo na wake zao, wakubwa wa benki, watu wa mbolea, wafadhili. Kila usiku ungekuwa na jina lake. Usiku wa tatu, wa mwisho, ungeitwa Usiku wa Ingokho, na wakubwa walitaka kuku wa kienyeji halisi kutoka nyumbani, mia moja na ishirini, waliofugwa na akina mama wa ushirika. Kila mama angelipwa mkononi lori likipakia, na huko Mombasa boti ingewafikisha kuku melini.

"Mkutano wa mwaka tulikuwa tunafanyanga hapa shuleni," Rosebella alisema taratibu. "Chini ya hema."

"Na ulikuwa unaishanga namna gani? Kelele. Huyu miwa yake haijakatwa, huyu mizani imemdanganya. Kule baharini wajumbe wanatulia. Hakuna mtu wa kugonga mlango." Aliyasema kwa furaha, wala hakuona ubaya wowote ndani yake.

Nekesa alikuwa bado anafikiri. "Na hiyo meri imekodiwa na nani?"

"Na ushirika, kukhu."

"Ushirika ni nani?"

"Si ni nyinyi? Miwa ikipimwa, kuna kitu kidogo tunakatanga cha maendeleo. Ndicho kimefanya kazi."

"Kwa hiyo ni sisi tumekodi meri."

"Kabisa. Ni meli yenu."

"Mbona sasa mimi siendi?"

"Mnawakilishwa, kukhu," Willis alisema, akisimama. "Na kuku wenu wanaenda."

Kabla ya kuondoka alimpiga Rosebella picha akiwa amekumbatia kuku, akatoa maagizo. Kuku wote wakusanywe mahali pamoja kufikia Jumapili, kwa sababu Daktari Patroba wa mifugo hangeweza kuzunguka nyumba arobaini. Daktari angefika Jumatatu, awachanje, awakague, aandike kibali cha kusafirisha. Rosebella alisita. Mamake alikuwa akimwambia tangu utotoni asichanganye kuku wa miji miwili kabla hajajua wametoka wapi. Lakini mamake hakuwa na muhuri, na hawa walikuwa nao, basi akanyamaza.

Jumapili kuku wakakusanywa. Nekesa alikuwa na mmoja tu, madoadoa, na hakuwa katika hesabu ya wale arobaini. Alimleta hata hivyo, amefungwa kitambaa cha buluu, akasema hata yeye alikatwa pesa kwenye miwa yake na anataka kuhesabiwa. Rosebella hakuwa na uso wa kumkatalia. Yule madoadoa alitoroka jioni hiyo hiyo akarudi kwake, maana alikuwa na mayai kumi na moja nyuma ya mtungi wa Nekesa. Akarudishwa Jumatatu, akatoroka tena. "Mwache huko aatamie," Rosebella akasema. "Tutamchukua lori likija."

Jumatatu Daktari Patroba hakuja. Jumanne hakuja. Jumatano mtu wa ofisini kwake alisema ameshasafiri, yeye pia ni mjumbe.

*

Lori lilifika Alhamisi saa nne. Wanawake walikuwa wameshafika, wamevaa nguo za kanisani, wengine na mafuta usoni. Rachael alikuwa ameshamwambia fundi aje amalizie choo chake. Mwenye lori aliitwa Erastus, mtu wa Lumakanda, mpole, mwenye kupenda kufanya kazi yake haraka arudi kwake.

"Lete kibali, mama, tupakie."

"Kibali hakijaandikwa."

Erastus alivua kofia. "Mama yangu, kutoka hapa mpaka Mombasa kuna vizuizi vingapi? Mimi nilishalala seli siku mbili kwa sababu ya mbuzi wanne. Bila karatasi sitoki hapa."

Rosebella alipanda juu ya kichuguu nyuma ya choo, mahali pekee ambapo simu yake ilishika vizuri, akampigia Willis. Mara ya tatu alipokea. Palikuwa na muziki nyuma yake, na watu wanapiga vigelegele.

"Mama Gentrix! Sema haraka, tunapanda."

"Lori limefika. Daktari hakuandika kibali."

"Patroba!" Willis aliita. "Patroba, wewe, kuku wa Ekero!" Kulikuwa na maneno, kisha kicheko, kisha sauti nyingine.

"Mama, habari ya huko? Hicho kibali ni kitu kidogo. Kinataka sahihi yangu na muhuri."

"Basi mwambie mtu akigonge huko ofisini, daktari."

"Muhuri uko kwenye droo. Droo ina kufuli." Alicheka kidogo, bila ubaya. "Na ufunguo, si ninao hapa mfukoni? Nitaandika nikirudi Jumatatu."

"Jumatatu? Usiku wa Ingokho si ni kesho kutwa?"

"Ni kesho kutwa, ndiyo."

"Sasa kuku watafikaje?"

Daktari akawa kama mtu aliyeulizwa hesabu ngumu asubuhi mapema. "Ngoja Willis akwambie."

"Daktari, subiri. Kuku wanaumwa. Mmoja ameshakufa, wengine wamepinda shingo. Niwafanye nini?"

Willis alikuwa ameshachukua simu. "Mama, usiwarudishe kwa wenyewe, umesikia? Hata mmoja. Nimeshamwambia mwenyekiti kuku wako njiani. Nikiaibika mimi, kikundi chenu kinaondoka kwenye orodha, na usinitafute tena. Fanya mpango na huyo dereva. Wacha niko—"

Ikakatika. Alipiga tena. Alipiga mpaka alipomsikia yule mwanamke wa kwenye mtambo akisema mteja hapatikani kwa sasa, akamsikia mara saba, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Erastus, aliyekuwa amemfuata kichuguuni, alitoa simu yake kubwa akamwonyesha. Mtu fulani alikuwa ameshatuma picha. Meli ilikuwa nyeupe, ndefu kushinda barabara ya Ekero kutoka msikiti mpaka sokoni, madirisha yamepangwa ghorofa juu ya ghorofa. Kwenye ubavu wake palining'inia bango la Ushirika wa Nyota Njema, lenye nyota na mabua mawili ya miwa.

"Hapo wakishatoka bandarini hakuna simu," Erastus alisema. "Ndiyo raha yenyewe wanalipia."

Kisha akaenda bandani kuchungulia, akarudi nyuma hatua mbili. "Mama, hawa wanakufa."

"Wamechoka tu."

Alimtazama kwa huruma, na Rosebella alimchukia kwa huruma hiyo. Lori liliondoka tupu. Wanawake walitawanyika wakinung'unika, viatu vya kanisani mkononi, na Rosebella akawaambia kibali kinakuja kesho. Lile neno lilimtoka kirahisi mno. Uongo wa kwanza maishani mwake wa kuwadanganya watu arobaini kwa mara moja, na haukumkwama hata kidogo.

Kufikia jioni walikuwa wamekufa kumi na tisa.

*

Ijumaa wanawake walikuja wenyewe. Harufu ilikuwa imeshafika barabarani. Rosebella alisimama mlangoni mwa banda, mikono amenyoosha pande zote mbili.

"Tupe kuku wetu," Rachael alisema.

"Siwezi. Mkiwapeleka nyumbani watawamalizia na wale mliobaki nao. Huu ugonjwa unafuata hata miguu yetu."

"Mwekundu wangu yuko wapi? Naona wawili tu wenye kijani."

Rosebella aliingiza mkono mfukoni, akatoa kitambaa. Rachael alikichukua, akakigeuzageuza kama anayetafuta bei.

"Alikufa lini?"

"Jana asubuhi."

"Kabla ya lori."

"Kabla ya lori."

"Ulijua, na ukatuacha tusimame hapo juani tumejipaka mafuta. Ulikuwa unangoja nini, Rosebella?"

"Lori," alisema. Na hilo lilikuwa la kweli.

Wanne kati yao walimsukuma wakaingia, wakatoka na kuku wao chini ya makwapa. Wengine walimsikiliza, wakaondoka mikono mitupu, na hao ndio alioshindwa kuwatazama. Kufikia Jumapili zile nyumba nne hazikuwa na hata kifaranga.

Jumamosi, wa mwisho bandani alipokufa, alichimba shimo kati ya mashina ya miwa. Miwa yake ilikuwa imekaa miezi ishirini na miwili ikingoja amri ya ushirika ya kukatwa, mingine imeshaanza kutoa maua, na jembe liligonga mizizi kila mara. Alifungua vitambaa vyote kabla ya kuwatupa kuku shimoni, akavifunga kwenye waya wa ua, rangi kwa rangi. Alitaka kila mmoja aje aone wake wako watatu, kwamba hakuna aliyeuzwa, hakuna aliyeliwa. Jua lilipokuwa linazama alikuwa bado anafunga. Akakumbuka kwamba saa hiyo ndiyo Usiku wa Ingokho ulikuwa unaanza. Akakaa chini pale pale kwenye udongo, akalia kwa sauti, bila kujali nani anasikia.

*

Willis alikuja Jumanne, saa tano. Jua la bahari lilikuwa limemchoma pua. Alivaa kofia nyeupe yenye picha ya meli, na dereva wake alishusha katoni ya kofia nyingine kama hiyo. Wanawake walikuwa wamelisikia gari. Walijipanga nje ya ua, karibu na vitambaa vyao, hawakuingia.

"Pole sana, Mama Gentrix," alisema, akaketi kwenye kiti kile kile. "Hasara ni hasara. Daktari Patroba amesikitika sana." Akapumua, akatazama kuelekea jikoni. "Unajua kule tulikula samaki mpaka nikaanza kuota ingokho? Nikasema, nikipita Ekero lazima nionje."

Rosebella alidhani anatania. Alimtazama usoni akaona hatanii. Mtu huyu alikuwa amekuja kwenye boma ambalo ndege pekee aliyesikika alikuwa kunguru, na alikuwa anangoja sahani.

"Hakuna kuku, Bwana Willis. Hata mmoja."

"Hata mmoja?"

"Yuko," sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa Nekesa, ameinama kwa umri, madoadoa akiwa chini ya kwapa. Rosebella alimshika mkono, akamvuta jikoni.

"Kukhu, huyu anaatamia. Rudi naye."

"Najua anaatamia. Mimi si ndiye nalala naye chumba kimoja?" Nekesa alimweka kuku magotini, akamlaza manyoya. "Mtoto wangu, wale wako nje wanasema wewe umekula kuku wao. Huyu mtu ndiye anaweza kuwaambia hukukula. Mtu atakula imondo yako halafu akuache hivyo? Hawezi. Si mwanadamu?"

Rosebella alitaka kumwambia kwamba ameshaila imondo moja katika nyumba hii. Lakini mle ndani mwake palikuwa na kitu kidogo bado kinasema labda, na kitu hicho ndicho kilichomfungua mkono. Alikifungua kitambaa cha buluu. Dereva wa Willis akamchinja kuku nyuma ya jikoni.

Willis hakuwa na haraka. Alilala kitini, kofia usoni, mpaka chakula kikaletwa. Imondo ilikuwa juu. Aliitazama, akatabasamu kama mtu aliyerudi kwao, na akala vizuri, akivunja mifupa. Baada ya kunawa ndipo alipotoa simu.

"Ona. Nilisema nikuletee."

Ilikuwa picha ya ukumbi wenye taa nyingi. Watu walikuwa wamesimama wakipiga makofi, sahani mbele yao. Ukutani, mkubwa kuliko mlango wa kanisa, alikuwa Rosebella mwenyewe, amekumbatia kuku, anacheka.

"Walikula nini?" aliuliza.

"Kuku. Meli ina kuku wake wa barafu. Mpishi alitia limau na pilipili, nani angejua? Mwenyekiti alisimama akasema, hawa wamelelewa na akina mama wa Ekero. Watu wa benki walifurahi sana." Akakunjua karatasi juu ya meza. "Sasa weka sahihi hapa tumalize. Ni ya ripoti tu. Inasema kuku mia moja na ishirini walitoka kwako, walipokelewa, na akina mama walishughulikiwa."

"Walishughulikiwa vipi?"

"Kofia ziko nje."

Rosebella hakuigusa kalamu. Kupitia dirishani aliwaona, arobaini, wamesimama juani. Rachael alikuwa ameegemea nguzo ya ua.

"Nikiandika hapo, wale watasema nililipwa pesa nikakaa nazo."

"Watajuaje? Karatasi haiji huku."

"Kila karatasi inafikanga huku, Bwana Willis. Waambie wewe kwanza. Toka hapo nje, waambie Rosebella hakupewa kitu, na kuku walikufa wakingoja kibali. Ukishasema, nitaandika chochote unachotaka."

Willis alikunja uso, akawa kama anamhurumia. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Mama, wacha nikueleze kama ndugu. Kuku waliokufa ni ugonjwa. Ugonjwa ulianzia wapi? Kwa boma lako. Daktari Patroba akiandika hivyo, wewe na majirani wako wote mnafungiwa. Hakuna kinachoingia, hakuna kinachotoka, na lori la miwa ni kitu kinachotoka." Akageuka kutazama shamba. "Hiyo miwa yako imeanza maua, naona. Bado mwezi mmoja itakuwa kuni. Lakini amri ya kukata ni mimi napeleka majina. Kesho tu naweza kupeleka." Akasukuma kalamu. "Mimi nimekula kwako. Siwezi kukutakia mabaya."

Rosebella aliandika. Aliandika jina lake lote kwa herufi alizofundishwa na masista, bila kukosea hata moja, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi baadaye.

Willis aliikunja karatasi, akatoka. Alikuwa mtu aliyezoea kufunga mikutano, hangeweza kupita mbele ya watu arobaini bila neno.

"Akina mama, asanteni sana!" aliita akiwa ameshika mlango wa gari. "Kazi yenu ilionekana mpaka baharini. Mambo yote ya kuku tumeshamaliza na mwenyekiti wenu hapa, ameweka sahihi. Mwaka ujao ni kubwa zaidi. Chukueni kofia!"

Gari likaondoka. Rosebella alisimama mlangoni. Alifungua mdomo kusema sivyo, kisha akaona jinsi wanavyomtazama, akaona pia mifupa kwenye sahani aliyokuwa ameishika mkononi bila kujua, mifupa ya kuku, katika boma ambalo halikuwa na kuku.

Rachael ndiye aliyesogea kwanza. Alikwenda kwenye waya, akafungua vitambaa vyake viwili, akavitia kifuani, akaondoka. Hakutukana. Baada yake mwingine, na mwingine, kila mtu kwa rangi yake, mpaka waya ukabaki waya. Wachache waliinama wakachukua kofia. Hakuna aliyeaga.

Nekesa peke yake ndiye aliyebaki. Alikuwa ameketi kando ya mafiga jikoni, kofia nyeupe ya meli kichwani, ameegesha mgongo karibu na jivu lililobaki na moto. Mikono yote miwili alikuwa ameikumbatisha kifuani, juu ya blauzi iliyovimba. Rosebella aliinama kumwinua, akaona ni mayai. Alikuwa ameyachukua yote kumi na moja alipokuwa anatoka nyumbani na kuku, akayapanga ndani ya nguo, kwenye ngozi yake, ili yasipoe.

"Alishiba?" Nekesa aliuliza.

"Alishiba, kukhu."

"Alisema neno?"

Rosebella alikaa kando yake kwenye jivu. Nekesa alilisogeza yai moja lililokuwa linateleza upande, kwa kidole, polepole, akatazama nje kule lilikoenda gari.

"Mwaka ujao," alisema, "tukikodi tena hiyo meri, watataka kuku wangapi?"